Nani Analipia Siasa za Marekani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Michango, Ushawishi na Uwajibikaji

Uchaguzi wa Marekani ukipamba moto, Waswahili walioko kule na walioko nyumbani huulizana mambo yaleyale: pesa zote hizi zinatoka wapi, zinanunua nini, na nani anamdhibiti nani? Nimeyakusanya maswali hayo hapa. Nayajibu nikiamini kwamba mengi yanayostahili hasira katika siasa za Marekani hayafanyiki gizani. Yanafanyika mchana kweupe, yameandikwa kwenye majalada ya serikali, na yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma.

Kampeni za Marekani zinagharimu kiasi gani?

Uchaguzi wa 2020, ukijumlisha wa urais na wa Kongresi (Bunge la Marekani), uligharimu zaidi ya dola bilioni 14. Sehemu kubwa ya pesa hizo huishia kwenye matangazo ya televisheni na ya mitandaoni. Hakuna sheria inayoweka ukomo wa muda wa kampeni wala wa jumla ya matumizi. Mbunge wa Baraza la Wawakilishi huchaguliwa kila baada ya miaka 2, kwa hiyo wiki aliyoapishwa tayari anatafuta pesa za uchaguzi unaofuata.

Mtu mmoja anaruhusiwa kumchangia mgombea kiasi gani?

Kwa msimu wa 2025 na 2026, ukomo ni dola 3,500 kwa mgombea mmoja wa ngazi ya shirikisho kwa kila uchaguzi. Mchujo wa kumpata mgombea wa chama ni uchaguzi mmoja na uchaguzi mkuu ni mwingine, kwa hiyo jumla inafika dola 7,000. Noti taslimu hazizidi dola 100. Ukipitisha dola 200, jina lako, anwani yako, kazi yako na mwajiri wako vinaandikwa kwenye taarifa ambayo dunia nzima inaweza kuisoma.

Kampuni haziruhusiwi kabisa kumpa mgombea wa shirikisho pesa kutoka kwenye hazina yao. Katazo hilo ni la tangu 1907. Zinachoruhusiwa ni kuanzisha kamati ya siasa, maarufu kama PAC, inayokusanya michango ya hiari ya mameneja na wenye hisa, na kamati hiyo nayo ina ukomo wake: dola 5,000 kwa mgombea kwa kila uchaguzi.

Sasa mbona tunasikia bilionea mmoja ametoa mamilioni?

Kwa sababu hampi mgombea. Anaipa kamati isiyo ya mgombea, na hapo ndipo ukuta wote wa sheria ulipotobolewa.

Baada ya kashfa ya Watergate, iliyomng'oa Rais Nixon, Kongresi ilipitisha sheria kali mwaka 1974. Iliweka ukomo wa michango na pia wa matumizi. Miaka 2 baadaye, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, Mahakama ya Juu ikaukata mti huo katikati. Kumpa mwanasiasa pesa kunaweza kuwekewa mpaka, ilisema, kwa kuwa kunaweza kuzaa rushwa. Kutumia pesa zako mwenyewe kusema unachotaka kuhusu siasa ni uhuru wa kujieleza, na hakuwekewi mpaka. Yote yaliyofuata yamechipua kwenye hukumu hiyo.

Januari 2010 ikaja kesi ya Citizens United. Majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba kampuni na vyama vya wafanyakazi navyo vina uhuru huo, alimradi vitumie pesa zao bila kushirikiana na mgombea. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alishikilia kwamba matumizi ya namna hiyo hayazai rushwa wala sura ya rushwa. Jaji John Paul Stevens aliandika pingamizi la kurasa 90. Miezi 2 baadaye, mahakama ya rufaa mjini Washington ilitumia mantiki hiyohiyo katika kesi ya SpeechNow, na Super PAC zikazaliwa: kamati zinazopokea kiasi chochote kutoka kwa yeyote, zikatumia kiasi chochote, kwa sharti moja tu, kwamba zisipangane na mgombea.

Sharti hilo limelegea mno. Super PAC nyingi huendeshwa na wasaidizi wa zamani wa mgombea mwenyewe. Mgombea huweka hadharani kwenye tovuti yake picha zake na hoja anazotaka zisemwe, na kamati "isiyohusiana naye" huzichukua kutoka hapo. Mwaka 2024 Elon Musk peke yake alitoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na chama chake. Mwalimu wa shule ya msingi aliyetoa dola 20 na Musk, mbele ya sheria, wote wametumia uhuru wao wa kujieleza. Mimi siukubali usawa wa aina hiyo, na sioni aibu kusema hivyo.

"Pesa za giza" ni nini?

Ni pesa za siasa ambazo mwenyewe hajulikani. Super PAC inalazimika kutaja wafadhili wake, lakini inaruhusiwa kupokea pesa kutoka kwa jumuiya isiyo ya kibiashara ya aina iitwayo 501(c)(4), na jumuiya hiyo kwa kawaida hailazimishwi na mtu kuwataja walioichangia. Kwenye taarifa utakutana na jina zuri lenye harufu ya uzalendo au maendeleo, na safari yako inaishia hapo.

Tazama yaliyotokea Ohio, maana ni kesi iliyofunguliwa mpaka ndani. Larry Householder alitaka kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo. Kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilikuwa na kampuni tanzu yenye vinu 2 vya nyuklia kando ya Ziwa Erie, Perry na Davis-Besse, na hesabu zake zilikuwa mbaya. Karibu dola milioni 60 kutoka upande wa kampuni zikapitishwa kwenye jumuiya iliyoitwa Generation Now. Pesa hizo ziliwapigia kampeni wagombea waliokuwa tayari kumpa Householder kura ya uspika. Januari 2019 akakikalia kiti. Julai mwaka huohuo, Muswada namba 6 ukapita, ukiwa na msaada wa zaidi ya dola bilioni 1 utakaolipwa na wateja kupitia bili zao za umeme.

Mgawo wa kila nyumba kwa ajili ya vile vinu ulikuwa hadi senti 85 kwa mwezi. Nataja senti hizo kwa makusudi. Hakuna mama wa nyumbani wala mstaafu ambaye angeandamana kwa senti 85. Hata kuziona kwenye bili angehitaji miwani. Zikusanye kutoka jimbo zima, miaka nenda miaka rudi, utaelewa kwa nini kulikuwa na mtu tayari kumwaga milioni 60 ili azipate. Wananchi walipoanza kukusanya saini ili sheria ipelekwe kwenye kura ya maoni, walirushiwa matangazo yaliyodai kwamba China inataka kuuteka umeme wa Ohio.

Householder alikamatwa Julai 2020. Mahakamani ilionekana kwamba sehemu ya pesa ilimlipia madeni ya kadi za benki na kutengeneza nyumba yake ya Florida. Mwaka 2023 alihukumiwa miaka 20 jela. FirstEnergy ilikubali kulipa dola milioni 230, na msaada kwa vile vinu ukafutwa kabla senti 85 ya kwanza haijakatwa. Lakini kilichomfunga ni makubaliano ya nipe nikupe, yaliyothibitishwa na mashahidi na rekodi za sauti. Njia yenyewe, ya kupitisha mamilioni kwenye jumuiya isiyotaja wafadhili wake, bado iko wazi hadi leo.

Je, mwenye pesa nyingi ndiye anayeshinda?

Si lazima, na ni vizuri watu walijue hili. Mwaka 2020 Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola bilioni 1 ya mfukoni mwake kutafuta tiketi ya Democratic, na mahali pekee alipoongoza ni Samoa ya Marekani, visiwa vidogo vya Pasifiki. Kamala Harris alichangisha zaidi ya Trump mwaka 2024 na akashindwa. Aprili 2025, Musk na makundi yake walitumia zaidi ya dola milioni 20 kwenye uchaguzi wa jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin. Mgombea waliyemuunga mkono alibwagwa na Susan Crawford.

Pesa zina nguvu zaidi mahali ambapo watu hawatazami: kwenye mchujo wenye wapiga kura wachache, kwenye viti vya majimbo, na kabla hata ya mchujo, pale mtu mwenye uwezo wa kuongoza anapopiga hesabu, akagundua hana marafiki matajiri, akaamua kutogombea. Huyo wa mwisho hahesabiwi na takwimu yoyote.

Kama hazinunui ushindi, zinanunua nini?

Zinanunua sikio.

Mbunge wa Marekani anatumia sehemu kubwa ya siku yake akiwa kwenye simu na watu wenye pesa. Sheria inakataza kuomba michango ndani ya majengo ya serikali, kwa hiyo hutoka Capitol, jengo la Kongresi, hutembea mwendo mfupi hadi ofisi ya chama chake, huketi kwenye kijumba cha simu, na msaidizi humpa orodha: jina, kiasi alichotoa mara ya mwisho, jina la mke, kiasi cha kumwomba leo. Baada ya uchaguzi wa 2012, chama cha Democratic kiliwapa wabunge wapya mfano wa ratiba ya siku: saa 4 za kupiga simu za michango, na saa 2 tu za kazi za kamati na ukumbini. Ratiba hiyo ilivuja kwa waandishi wa habari. Wabunge wa vyama vyote viwili wameungama kwamba ndivyo maisha yao yalivyo.

Hata bila ahadi yoyote ya siri, fikiria anachokisikia mtu anayeongea na matajiri saa 4 kila siku. Anazijua kodi zao, hofu zao, malalamiko yao kuhusu kanuni za serikali. Dereva wa lori wa jimboni kwake hajawahi kuwa kwenye orodha ile.

Mshawishi ni nani, na anafanya nini kwa siku?

Ni mtu anayelipwa ili azungumze na watunga sheria na maofisa wa serikali kwa niaba ya mteja. Haki ya kupeleka malalamiko na maombi serikalini imo kwenye Katiba, katika Rekebisho la Kwanza, kwa hiyo kazi yenyewe ni halali. Na wateja si kampuni tu: vyuo vikuu, miji, hospitali, vyama vya walimu, makanisa na jumuiya za wazee wote wana washawishi wao.

Kazi ya kila siku haina msisimko. Mshawishi mzuri humpelekea msaidizi wa mbunge, kijana mwenye mshahara mdogo na mafaili mengi, karatasi ya ukurasa mmoja yenye hoja, takwimu na mapendekezo ya maneno ya kifungu. Mara nyingi kijana huyo hana mwingine wa kumuuliza jioni ileile. Hapo ndipo neno moja huingia kwenye sheria na kubaki miaka 20.

Sheria ya 1995 inawataka washawishi wa ngazi ya shirikisho kujiandikisha, na baada ya mageuzi ya 2007 wanatoa taarifa kila robo mwaka: mteja ni nani, amelipa kiasi gani, na mada zipi zimeguswa. Matumizi yaliyotangazwa sasa yanazidi dola bilioni 4 kwa mwaka. Kasoro kubwa ni kwamba anayetumia chini ya asilimia 20 ya muda wake kwa mteja kwenye ushawishi halazimiki kujiandikisha. Wapo wanaojiita "washauri wa mikakati" na kuishi chini ya mstari huo.

Mageuzi ya 2007 hayakuletwa na wema wa mtu. Yaliletwa na Jack Abramoff, mshawishi aliyewatoza makabila ya Wahindi Wekundu wenye kasino mamilioni kwa mamilioni ya dola, akiwapeleka wabunge Scotland kucheza gofu. Alikiri makosa Januari 2006, na mbunge Bob Ney wa Ohio akaenda jela naye.

Ni kweli wabunge wakistaafu wanageuka washawishi?

Wengi, ndiyo. Mfano ninaourudia kila mara ni wa Billy Tauzin wa Louisiana. Akiwa mwenyekiti wa kamati yenye mamlaka juu ya dawa, alisaidia kupitisha sheria ya 2003 iliyoingiza dawa kwenye bima ya wazee, Medicare. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichoikataza serikali kujadiliana bei na kampuni za dawa. Kura ilipigwa alfajiri. Kwa kawaida hufungwa baada ya dakika 15, lakini usiku ule iliachwa wazi karibu saa 3 mpaka wabunge waliokuwa wakigoma walipogeuka, ikapita kwa 220 dhidi ya 215. Mapema 2005 Tauzin alikuwa mkuu wa PhRMA, umoja wa kampuni za dawa, kwa mshahara ulioripotiwa kuwa dola milioni 2 kwa mwaka. Katazo lile lilidumu hadi 2022, Kongresi iliporuhusu Medicare kujadili bei za baadhi ya dawa. Kwa miaka yote ile wazee wenye kisukari na saratani walikuwa wanalipa.

Siku hizi seneta anatakiwa kusubiri miaka 2 kabla ya kurudi kuwashawishi wenzake, na mbunge wa Baraza la Wawakilishi mwaka 1. Katika kipindi hicho hakatazwi kuajiriwa na kampuni ya ushawishi na kuwaelekeza wengine mlango wa kubisha.

Hii si rushwa tu iliyovalishwa suti?

Watu wengi wanahisi hivyo, na hisia zao zina msingi. Kisheria, lakini, rushwa ni pale kitu kinapotolewa ili kupata kitendo fulani cha kiserikali, na Mahakama ya Juu imekuwa ikiubana uwanja huo. Gavana Bob McDonnell wa Virginia na mkewe walipokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000, ikiwemo saa ya Rolex, kutoka kwa mfanyabiashara wa vidonge vya lishe. Mwaka 2016 majaji wote waliitengua hatia yake, wakisema kumpangia mtu mikutano na kumtambulisha kwa maofisa peke yake si kitendo cha kiserikali. Mwaka 2024, kwa kura 6 dhidi ya 3, walisema sheria ya shirikisho inayohusu maofisa wa majimbo na miji haigusi "asante" inayotolewa baada ya kazi kwisha. Kesi ilikuwa ya meya mmoja wa Indiana aliyepokea dola 13,000 kutoka kwa kampuni ya malori iliyokuwa imeshinda zabuni za jiji lake.

Aliyevuka mstari waziwazi ni Bob Menendez, aliyekuwa seneta wa New Jersey na mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje. Wapelelezi walipopekua nyumba yake walikuta zaidi ya dola 480,000 taslimu, nyingine ndani ya bahasha zilizosokomezwa kwenye makoti na viatu, pamoja na vipande vya dhahabu. Miongoni mwa yaliyomtia hatiani ni kuitumikia serikali ya Misri. Alihukumiwa miaka 11 Januari 2025.

Yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki na Kongo?

Yanatuhusu mpaka kwenye nguo tunazovaa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipumue. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Machi 2017, umoja wa wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani, SMART, ukapeleka lalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, ukidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini, na kwamba nchi zetu zimevunja masharti ya AGOA, mpango wa 2000 unaoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilijitoa haraka, ikihofia viwanda vyake vya nguo vinavyouza Marekani. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilikataa, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye AGOA. Umoja wa wafanyabiashara ambao Wamarekani wengi hawajawahi kuusikia ulitosha kuvunja uamuzi wa wakuu wa nchi.

Kongo ni kisa kingine, na ndani yake ushawishi ulitoka pande zote. Mashirika ya haki za binadamu yalipigania kifungu cha 1502 cha sheria ya fedha ya Dodd-Frank ya 2010, kinachozitaka kampuni zilizosajiliwa kwenye soko la hisa kueleza kama madini yao ya koltani, bati, wolfram na dhahabu yanatoka kwenye maeneo ya vita ya Kongo na jirani zake. Nia ilikuwa njema. Lakini wachimbaji wadogo wa Kivu hawakuwa mezani. Wanunuzi walikimbia, Rais Kabila akasimamisha uchimbaji mashariki kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, na maelfu ya familia zikakosa chakula. Wenyewe waliiita sheria ya Obama. Kisha wenye viwanda wa Marekani wakaenda mahakamani, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikasema kuilazimisha kampuni itangaze kwamba bidhaa zake hazijathibitika kuwa safi kunavunja uhuru wake wa kujieleza. Pande zote mbili za mzozo zilikuwa na mawakili Washington. Mchimbaji wa Walikale, huko Kivu, hakuwa na hata mmoja.

Serikali zetu nazo huajiri washawishi Washington?

Ndiyo, Kenya, Kongo na nyingine nyingi zimefanya hivyo. Na hapa kuna hazina ambayo waandishi wa habari wetu hawajaichimba vya kutosha. Sheria ya FARA ya 1938, iliyotungwa kupambana na propaganda za Wanazi, inamtaka kila anayelipwa na serikali ya kigeni kwa kazi ya siasa ajiandikishe Wizara ya Sheria. Anaweka mkataba wenyewe, wenye saini na kiasi cha malipo, na kila miezi 6 anaorodhesha aliokutana nao. Mlipa kodi wa Nairobi au Kinshasa anaweza kuusoma mkataba ambao serikali yake haikumwonyesha.

Mimi si raia wa Marekani. Naweza kuchangia mgombea?

Ukiwa na grini kadi, unaruhusiwa kuchangia, ingawa huruhusiwi kupiga kura kwenye uchaguzi wa shirikisho. Usiyachanganye mawili hayo. Kujiandikisha kupiga kura kwa kudai uraia kunaweza kukufukuzisha nchini. Ukiwa na viza ya masomo au ya kazi, au ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, ni marufuku kuchangia mgombea, chama au Super PAC, hata senti moja. Kujitolea bila malipo, kama kugonga milango na kugawa vipeperushi, kunaruhusiwa.

Sasa angalizo kwa jumuiya zetu za ughaibuni. Tumezoea harambee: mtu anafungua kundi la WhatsApp, kila mmoja anatuma chake kwa mweka hazina, mweka hazina anapeleka jumla. Kwenye msiba au harusi hakuna ubaya. Kwenye kampeni, kupeleka pesa za watu 40 kwa jina la mtu 1 ni kosa la jinai, kwa kuwa sheria inakataza kuchanga kwa jina la mwingine. Kutoa kwenye akaunti ya jumuiya iliyosajiliwa kama taasisi ya hisani pia ni kosa. Kila mtu aingie kwenye ukurasa wa mgombea, alipe kwa kadi yake mwenyewe, aandike jina lake mwenyewe.

Nani anazisimamia pesa hizi?

Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, FEC. Ina viti 6, na chama kimoja hakiruhusiwi zaidi ya 3. Kuchukua hatua kunahitaji kura 4. Uliza mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati yenye pande mbili sawa, atakuambia kinachotokea: 3 kwa 3, jalada linafungwa. Mbaya zaidi, makamishna wakipungua chini ya 4, tume haina akidi na haiwezi kumuadhibu yeyote. Hilo lilitokea 2019, na likatokea tena mwanzoni mwa Mei 2025, baada ya Rais Trump kumwondoa kamishna mmoja na wengine kuondoka bila kujazwa nafasi zao.

Nje ya uchaguzi kuna wakaguzi wakuu ndani ya wizara, waliowekwa na sheria ya 1978. Januari 2025 Trump aliwafuta kazi wapatao 17 usiku mmoja, wakati sheria inamtaka ailetee Kongresi sababu na notisi ya siku 30. Jaji mmoja baadaye alisema ufutaji huo haukuwa halali, lakini hakuwarudisha kazini. Kuna pia GAO, ofisi ya ukaguzi ya Kongresi yenyewe, iliyoko tangu 1921, ambayo ripoti zake zinasomeka vizuri kuliko magazeti mengi.

Wabunge wanaruhusiwa kununua hisa za kampuni wanazozitungia sheria?

Ndiyo. Sheria ya 2012 inawataka watangaze ununuzi au uuzaji unaozidi dola 1,000 ndani ya siku 45. Faini ya kawaida ya kuchelewa ni dola 200.

Kuna mahali walipojaribu njia nyingine?

Yapo, na yananipa matumaini ya kweli. Jiji la New York huongeza dola 8 za umma kwa kila dola 1 anayotoa mkazi, hadi dola 250 za mwanzo, kwa mgombea wa umeya anayekubali masharti. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alitumia mpango huo mwaka 2025. Machi, miezi kabla ya mchujo, aliwaomba wafuasi waache kumchangia kwa kuwa alikuwa amekaribia ukomo wa matumizi. Mabilionea walimwaga mamilioni kumpinga kupitia Super PAC, naye akashinda mchujo, kisha umeya.

Seattle huwapelekea wakazi vocha 4 za dola 25, wampe mgombea wamtakaye. Wenye grini kadi nao wanazipata wakiziomba. Mama anayefanya usafi hotelini, kwa mara ya kwanza maishani mwake, anapigiwa simu na mgombea anayetaka kumsikiliza.

Nataka kumchunguza mbunge wa eneo langu. Nianzie wapi?

Anza na fec.gov. Andika jina lake, fungua michango, panga kuanzia kubwa, kisha tazama safu ya mwajiri: mara nyingi utaona kampuni moja ikijirudia tarehe moja, ishara kwamba kulikuwa na hafla. Linganisha na kamati za bunge anazokaa. Watafiti wa OpenSecrets wamezichambua takwimu hizo kwa sekta, ukitaka picha ya haraka. Taarifa za washawishi zipo kwenye hifadhi ya Seneti, tafuta kwa jina la kampuni au namba ya muswada. Mikataba na ruzuku za serikali zipo usaspending.gov, na za serikali za kigeni fara.gov.

Usisahau jimbo. Kila jimbo lina ofisi yake ya taarifa za kampeni, na mabaraza ya majimbo ndiyo yenye waandishi wachache zaidi wa kuyatazama. Ukihitaji nyaraka za wizara ya shirikisho, andika ombi chini ya sheria ya uhuru wa kupata taarifa, FOIA, ya 1966: taja nyaraka unazotaka, kipindi, na ofisi husika. Halihitaji wakili wala uraia, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi, ingawa nyingi huchelewa. Kongresi haimo ndani ya sheria hiyo. Barua pepe za mbunge hutazipata kwa njia hii, lakini zile ambazo ofisi yake iliziandikia wizara unaweza kuziomba kutoka upande wa wizara.